Kijiti cha Kiberiti

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa ili tusije tukadanganyana huko mbele. Gitaa la baba yangu nililipeleka kwa fundi kwa nia ya kuliuza. Yeye nilimwambia nakwenda kumtengenezea. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kidogo kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Mimi nafanya kazi katika duka la fotokopi pale Mchafukoge, si mbali na barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wageni wa mji hulicheka jina hilo, kwamba ni kama kumwambia mtu: we mchafu, nenda kaoge! Sisi tunaoshinda hapo tumeshaoga, tumekauka, na vumbi la Kariakoo limeturudia tena. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua: maombi ya kazi, mikataba ya pango, barua za kumkumbusha mtu deni kwa lugha ya adabu. Mchana wateja wakipungua, namfungua yule mwingine aliyelala ndani ya kompyuta ya tajiri wangu, yaani riwaya yangu. Nilimaliza kidato cha nne, majibu yakaja ya kuokoteza, nikaapa kwamba kama shule imenikataa basi vitabu havitanikataa. Mswada ulifika kurasa 214. Mchapaji mmoja akanipigia hesabu ya nakala mia mbili, nikaomba kiti nikakaa.

Nusu ya fedha ile nilikuwa nimeiweka senti kwa senti. Nusu iliyobaki ilikuwa inaning'inia ukutani chumbani kwa Baba, imevishwa mfuko ambao Mama aliushona kwa khanga kuukuu.

Nilimpata mnunuzi, kijana wa kwaya, mshikaji mwenye vidole vyepesi. Alikuja nyumbani siku ambayo Mzee alikuwa amekwenda kuzika. Tukalichomeka gitaa kwenye redio kaseti ya Baba, ambayo ina tundu la maikrofoni. Kijana akapiga kidogo, akatikisa kichwa. Akakiona kijiti kimekwama kwenye mfereji wa swichi, akakichokonoa kwa kucha.

"Nani kachomeka takataka hii?"

Kilipolegea tu, sauti ikakatika. Akaisogeza swichi huku na huku: kwaa, kwaa, kama mahindi yanayokaangwa, kisha kimya. Akakirudisha kijiti mahali pake, sauti ikarudi imepinda. Akasema: "Swichi imekufa, bwana. Itengeneze, nakupa laki nne. Hivi ilivyo, laki mbili, tena kwa kukuonea huruma." Akaniachia elfu hamsini ya kishika uchumba.

Hapa sina budi kueleza kidogo kwa wale ambao gitaa la umeme wanaliona jukwaani tu. Chini ya nyuzi hukaa visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na hivyo ndivyo vinavyousikia mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme. Wapigaji huviita pikapu. Gitaa letu lina pikapu tatu. Ile ya karibu na shingo ina sauti nene, ya kubembeleza. Ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ni kali, inakata kama wembe. Ya katikati iko katikati kwa kila kitu. Swichi ndiyo inayochagua nani aseme. Ndani yake kuna ulimi mdogo wa shaba unaoteleza juu ya vigusio; ukigusa kile, pikapu ile inafunguka. Miaka ikipita, shaba inalika, springi inachoka, uchafu na kutu vinaingia katikati, na hapo ndipo unaposikia mahindi.

Kijiti nilikuwa nakijua tangu utoto. Kilikuwa pale siku zote, cheusi kwa jasho, na siku moja nilipokigusa nikiwa darasa la pili nilipigwa kofi ambalo mpaka leo nikikumbuka sikio linawasha. Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Baba alikuwa mwanamuziki. Alipigia bendi ya shirika moja la umma, na msomaji wa umri wangu huenda akashangaa shirika linatafuta nini kwenye dansi. Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi la Kujenga Taifa lina yake, kiwanda cha nguo cha Urafiki kina yake. Hata Mlimani Park, Sikinde wenyewe, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukiacha kazi, unaliacha gitaa kama dereva anavyoliacha gari.

Katika bendi hizo magitaa yalipangana kama watu wa nyumba moja: solo, sekondi solo, ridhimu na besi. Baba alipiga sekondi. Jina lake halijapata kutajwa redioni. Watu wanamjua mwimbaji, wanamjua mpiga solo, wa sekondi hakuna anayemwulizia. Kazi yake ni kukaa kati ya solo inayoruka na ridhimu inayotembea, azishike zote mbili mkono zisipotezane. Akiwa mkali mno, anamfunika wa solo. Akiwa mnene mno, anazama ndani ya ridhimu.

Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na kufungwa, bendi ya Baba nayo ikafa. Alikuwa anadai mishahara ya miezi kadhaa. Mwisho waliambiwa wagawane vyombo, na yeye akarudi nyumbani na gitaa. Mama husema kwa mzaha kwamba aliolewa na mtu mwenye mshahara, akazeeka na mtu mwenye mbao.

Basi nikalibeba. Fundi wangu ana meza barazani kwenye uchochoro mmoja wa Mchafukoge, katikati ya muuza vitasa na mshona viatu. Ni mzee aliyeanza na redio za valvu, leo anatengeneza chaja za simu na spika za misikiti. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba bila kuinua macho, mpaka alipoona mfuko wa khanga. Hapo akavua miwani, akaifuta.

Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu za bamba jeupe moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Bamba lilipoinuka, pikapu zote tatu na swichi vikainuka nalo, vimening'inia kwa waya kama utumbo wa kuku. Akaishika swichi, akakitoa kile kijiti kwa koleo dogo, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Baba yako alikuwa anapiga nini?"

"Sekondi, Mzee."

"Ehee." Akacheka peke yake. "Kitunze hicho."

Akaipuliza swichi dawa ya kusafishia vigusio, akaisogezasogeza mara ishirini hivi, akafuta kwa pamba. Akachomeka kwenye spika yake, akawa anagonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi. Ukigonga ile iliyofunguliwa unasikia tok, ukigonga iliyofungwa kimya. Tok, tok, tok. Vituo vitatu, vyote vizima. Nikamlipa elfu tano, nikaondoka nikihesabu laki nne zangu.

Siku ya tatu mahindi yakarudi.

Nilirudi kwa Fundi kwa hasira, kana kwamba swichi ni mtoto wake. Hakugombana. Alinishikia swichi juani, akanionyesha: shaba ya ulimi ilikuwa imelika upande mmoja tu, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. "Dawa inaondoa uchafu," alisema, "hairudishi shaba. Tazama palipolika. Si kituo cha kwanza, si cha pili. Ni hapa kati. Baba yako alikuwa anausimamisha ulimi kati ya vituo viwili, unagusa huku na huku kwa pamoja. Swichi haikutengenezwa isimame hapo, springi inaivuta irudi. Ndiyo maana akaitia kijiti."

Akanieleza mambo ambayo naye aliyapata kwa kutengeneza magitaa ya watu miaka mingi, na ambayo mimi baadaye niliyasoma mwenyewe nikayakuta ndivyo. Gitaa la Baba ni nakala ya Kijapani ya Stratocaster. Stratocaster yenyewe ilitolewa na kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 1954, ikiwa na pikapu tatu na swichi ya vituo vitatu: moja, moja, moja. Waliotengeneza hawakukusudia pikapu mbili ziseme pamoja. Wapigaji ndio waliogundua kwamba ukiisimamisha swichi kati ya kituo na kituo, pikapu mbili zinafunguka kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila moja inausikia uzi mahali pengine, baadhi ya sauti zao zinauana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni sauti nyembamba yenye uwazi ndani, kama mtu anayeimba na kuongea kwa pamoja. Watu wakaanza kuzikwamisha swichi zao kwa vijiti na chochote kilichopatikana. Mwaka 1977 Fender wakakubali yaishe, wakaanza kufunga swichi ya vituo vitano, vile viwili vya kati vikiwa vimechongewa mahali pake pa kusimama.

"Kwa hiyo nikutafutie ya vitatu au ya vitano?" Fundi akauliza, kisha akajijibu: "Ya vitatu huipati hapa."

Nilivuka Mnazi Mmoja nikaingia Kariakoo. Ndugu msomaji, Kariakoo unaweza kupata jokofu kabla hujapata skrubu yake. Nilizunguka kuanzia Uhuru hadi Msimbazi, nikauliza maduka ya redio, maduka ya spika, nikaonyeshwa swichi za taa, swichi za feni, swichi ya pikipiki. Jua likanipiga. Duka la tisa, lenye vinanda na ngoma za kwaya dirishani, kijana akapanda ngazi akashuka na kipakiti cha plastiki kilichotoka China: swichi ya vituo vitano, elfu kumi na tano. Nililipa kwa fedha ya mnunuzi.

Fundi alichora kwanza. Juu ya kipande cha boksi alichora swichi ya zamani na kila waya ulipokuwa umeshikizwa: wa pikapu ya shingo, wa katikati, wa daraja, na ule unaopeleka sauti kwenye kifundo cha kuongezea. "Kalamu kwanza, moto baadaye," alisema. "Wengi wanaanza na moto." Akayeyusha risasi ya zamani, akaachanisha, akashikiza nyaya kwenye swichi mpya moja baada ya nyingine, akipuliza moshi usimwingie machoni. Tundu za skrubu zililingana. Kilichogoma ni kile kichwa cheupe cha plastiki cha Baba, kilikuwa kipana kwa wenzo mpya, kinacheza. Swichi ilikuja na kichwa chake cheusi. Fundi hakukitazama. Aliuzungushia wenzo uzi wa kushonea, mara tatu, akakisukuma kile cheupe kikashika.

Tok. Tok tok. Tok. Tok tok. Tok.

"Mpelekee," akasema. "Usimwambie kitu. Mwache ahesabu mwenyewe."

Nilifika nyumbani baada ya magharibi. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nikamwekea gitaa mapajani, nikachomeka waya kwenye redio kaseti, nikajifanya natafuta kitu ndani ya begi. Alilitazama kwanza upande wa swichi. Kidole gumba kikaenda pale kijiti kilipokuwa, kikapapasa, hakikukuta kitu. Hakusema neno. Akakaza nyuzi akisikiliza moja moja, akaisukuma swichi yote upande wa shingo, akapiga. Sauti nene. Akairudisha kidogo, na mimi nikaisikia ikisema tk, ikasimama.

Akapiga.

Mama alitoka uani na mwiko mkononi. "Mzee, hiyo si ndiyo ile?"

Baba hakumjibu. Aliirudia kauli ileile fupi ya sekondi, inayopanda hatua nne na kushuka tatu, mara sita, mara saba. Vidole vilikuwa vizito, vingine havikufika, lakini sauti ilikuwa ile. Ile niliyoisikia usiku nikiwa mdogo, nikidhani ndivyo magitaa yote yanavyolia. Halafu akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Kumbe waliiwekea kituo."

Nikamwambia, walianza mwaka 1977. Akacheka kwa pua. "Mimi nimepewa gitaa hili themanini na moja. Fedha za kigeni hakuna, hata nyuzi tulikuwa tunachemsha zirudi kulia. Mimi nachonga njiti kila dansi, kumbe wenzetu wameshachonga chuma." Akaisogeza tena, tk, tk. "Nzuri. Lakini haina wasiwasi. Kile kijiti kilikuwa kinaweza kuchomoka wakati wowote. Nikikanyaga vibaya, nikigeuka, sauti imekwenda. Kwa hiyo nilikuwa napiga kwa kusikiliza. Usiku mzima nasikiliza."

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Pengine ni yale maneno, pengine ni uzito wa zile elfu hamsini. Nikamweleza yote: mchapaji, kijana wa kwaya, laki nne, kishika uchumba.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi, Baba?"

"Siku tatu unakimbia na gitaa juani. Tangu lini ukanikimbilia mimi?"

Mama akarudi uani haraka, nadhani ili acheke vizuri.

"Laki nne umepunjwa," Baba akaendelea, kana kwamba tunazungumzia mbuzi. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka minne ya kuandika hajapata kuniuliza. "Hicho kitabu chenyewe kina nini?"

Nilimsomea usiku ule sura ya tatu, kwenye mwanga wa balbu ya ukumbini. Baba si mtu wa fasihi ya darasani. Riwaya alizosoma ni zile za kwenye mabasi ya bendi, kina Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, zikipita mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka. Lakini alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama anayetafuta uzi uliolegea. Nilipofika ukurasa ninaoupenda kuliko yote, ule wa machweo ya Kigamboni wenye tamathali nane kwenye aya moja, akainua mkono.

"Hapo umepiga solo."

"Ndiyo," nikasema kwa fahari.

"Nani alikwambia ni zamu yako? Yule mama alikuwa bado anaongea na mwanawe hospitali. Umemfunika. Rudi nyuma, mwache amalize."

Nilikasirika, sifichi. Nililala nimekasirika. Asubuhi kule Mchafukoge, kabla ya mteja wa kwanza, nikafungua sura ile nikaisoma kwa sauti ya chini, nikamwona yule mama kitandani na mimi nikiwa nimesimama mbele yake nacheza. Nikaifuta aya. Halafu nikaona nyingine. Mpaka mwisho wa mwezi zile kurasa 214 zilikuwa 168, na kati ya hizo nyingi hazijatulia bado. Kitabu ambacho nilitaka kuuza gitaa ili kichapwe kilikuwa hakijawa kitabu. Ningepata nakala mia mbili za mahindi.

Kijana wa kwaya nilimweleza ukweli. Alinisema, na alikuwa na haki. Elfu hamsini yake nilikuwa nimeitumia kwa fundi, kwa swichi, na iliyobaki kwa mambo ambayo siyataji hapa. Nimeshamrudishia elfu thelathini, ishirini bado ananidai, na nikimwona ng'ambo ya barabara nafikiria mara mbili kabla ya kuvuka. Mzee alisema kama anataka gitaa aje amwone yeye mwenyewe. Akaja. Wamekaa Jumapili mbili, yeye na gitaa lake jipya la Kichina, Baba na mbao yake. Habari ya bei sijaisikia ikitajwa, nami sijauliza.

Kile kijiti ninacho. Nilimpa Baba, akakigeuza mara moja, akanirudishia. "Mimi sasa nina kituo," alisema. "Wewe ndiye huna."

Niko sura ya tano.